Siku Msafara Ulipoketi Chini

Andika hivi, mjukuu wangu Mwajuma, wala usinipambe. Baba yangu ni Mahona, aliyekuwa kirangozi, yaani mtu wa mbele katika misafara ya wapagazi. Mama yangu ni Nyamizi. Nilizaliwa Itetemia, karibu na Tabora. Shule sikuiona, kazi ya kuongoza picha za sinema nilifunzwa na macho yangu.

Siku ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, nilipewa kubeba miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Bwana Mwongozaji, ambaye ndiye aliyeamua nani asimame wapi na kamera itazame nini, alitaka wazee waliowahi kubeba pembe za ndovu hadi pwani watembee tena katika njia yao ya zamani. Nilimletea wazee tisa, baba yangu akiwa mbele na fimbo yake. Kifua chake kilikuwa kimeharibika. Nilijua hatatembea hivyo tena. Na utepe, ule ukanda unaonasa picha ndani ya kamera, ulikuwa umebaki mmoja tu.

Vumbi la asubuhi lilikuwa jepesi kama moshi wa ubani. Wazee walitokea ndani yake polepole, mizigo begani, kana kwamba hawakuwahi kurudi nyumbani.

“Simamisha!” akasema Bwana Mwongozaji. “Yule wa mbele anawaziba wenzake. Waambie wampite.”

Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikapaza sauti: “Mpiteni!”

Baba akatua mzigo, akaketi. Wote wakatua, wakaketi. Katika msafara hakuna anayempita kirangozi, na jambo hilo nililijua tangu utoto.

“Wamechoka?” Bwana Mwongozaji akaniuliza.

“Huyu bwana amewahi kubeba nini?” akacheka Mzee Shija, aliyekuwa wa pili katika mstari. “Hata kofia anashikiwa!”

Nikaenda, nikapiga goti mbele ya watu wote. “Shikamoo, baba. Nimekosa.”

“Marahaba. Mimi sipitwi. Hilo jicho lenu halina miguu?”

Lilikuwa nayo mitatu, na mbebaji ni mimi. Njia ile ilikuwa ikiteremka kilima. Nikaishusha kamera hadi chini yake, nikaomba wazee waanze upya kutoka juu. Wakateremka, kila uso ukionekana juu ya uso uliotangulia, baba akiwa wa kwanza. Bwana Mwongozaji alitazama mpaka utepe ukaisha.

“Kesho miguu hiyo abebe mwingine,” akasema. “Wewe utasimama nami.”

Nikawa msaidizi wake, tukapiga picha za reli kule Kaliua, za tumbaku na za warina asali. Alipoondoka, Bwana Mkuu wa Picha, mkubwa wa kazi yetu yote, akanikabidhi kamera. Kila nilipofika niliuliza kwanza: hapa hutangulia nani?

Picha ya wazee ilipooneshwa mjini Tabora, juu ya shuka jeupe, baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama alimtazama akiteremka, akanong’ona, “Mbona amekonda?” kama mtu anayemsubiri afike mlangoni.

Sasa nimestaafu, macho yana ukungu, na ndani ya ukungu huo wazee wale bado wanatembea.

Tunza lile kopo la bati lenye nakala ya picha hiyo, niliyopewa nilipostaafu. Usiliweke juani. Fimbo ya baba wape wajomba zako wakiitaka. Siku utakapowaonesha wanao, tandaza shuka safi, ukae karibu nalo. Mtu yeyote asikatize mbele yake mpaka baba yangu afike chini ya kilima.