Laini ya Mawe Niliyoifagia

Kiingereza changu chote ni neno moja, na hilo moja sijalimaliza. Linaandikwa line, linatamkwa laini. Nililipata kwenye kisomo cha watu wazima hapa Temeke, miaka ile ya Ujamaa, tukisomea kwenye mabenchi ya ofisi ya tawi la chama baada ya alasiri. Shule ya utotoni sikwenda. Baba alisema msichana atasoma nini, nami sikumjibu, maana baba hajibiwi.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa bara, karani mjini, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akifika ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nikichelewa ananigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimpenda kwa yote mawili. Tulipokwisha kujua kusoma tukamsumbua atupe na Kiingereza kidogo. Akasema atatupa neno moja tu, tulitafune mpaka liishe.

Akachora mstari ubaoni, akasema hii ni laini. Nikamwambia kwetu laini ni kitu kisicho kigumu. Akacheka, akasema weka hiyo pembeni, shangazi, hili ni la wenyewe. Kamba ya kuanikia nguo nayo ni laini. Muuza samaki akauliza kuhusu mshipi wa kuvulia, akaambiwa ndiyo. Mke wa mpagazi wa stesheni akasema mumewe huiita reli laini, na waya wa simu pia. Mwingine mumewe yuko kiwanda cha nguo, akasema mitambo iliyopangwa kule ndiyo laini. Mwalimu akaongeza ukoo, kutoka babu hadi mjukuu, na mpaka wa kiwanja, na makunyanzi ya usoni. Hapo darasa zima likanigeukia mie.

Kisha akataka tutaje sie tunavyosema. Tukajaza ubao: mstari, safu, msururu, foleni, mfululizo, kamba, uzi, njia. Nilishangaa. Sie kila kitu kina jina lake, wao neno moja linatumwa kila mahali kama mke mdogo kwenye nyumba ya wakwe. Nililihurumia.

Ila laini niliyoijua kwa miguu yangu ni ile ya duka la ushirika. Sukari, sabuni, kanga, vyote vilikuwa vya kupanga foleni, na mzigo ulikuwa haba. Mwaka mmoja nilikwenda Mkuranga kuvuna mpunga, nikakaa majuma matatu. Huku nyuma watu wa mtaa wakabuni jambo. Ikisikika kwamba mzigo unakuja, jioni kila mtu anaweka kitu mbele ya duka, jiwe au tofali au kopo bovu, kimshikie nafasi mpaka asubuhi. Mie sikuwa na habari. Nilirudi jioni, na kesho yake ilikuwa zamu ya nyumba yangu kufagia uwanja wa duka, kama balozi wa nyumba kumi alivyotupangia. Nikaamka alfajiri, nikakuta takataka zimejipanga vizuri mno. Sikujiuliza. Nilizizoa zote nikazimwaga shimoni, nikafagia mpaka ardhi ikabaki na michirizi ya ufagio wa chelewa. Tena niliona fahari.

Saa moja watu wakaja. Sitaandika yote niliyoambiwa. Mmoja aliniuliza kama Mkuranga nilikwenda kuvuna mpunga au kuvuna uchawi.

Mzigo ulikuwa wa kanga, doti kumi na mbili basi, na watu walizidi thelathini. Kwenye ngazi ya duka alikaa jirani yangu, mja mzito, siku zake zimefika. Hospitali walimtaka aende na kanga, naye alikuwa na moja, imechanika katikati. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba jana aliweka gae la chungu, alikuwa wa kumi na mbili. Nikamwambia sema basi. Akasema amesema, wanamwambia gae hilo hakuna aliyeliona.

Mwalimu alipita akienda kupanda basi la kazini. Alipoona zogo akaokota kijiti, akachora mstari mrefu ardhini, akawaambia kila mtu asitaje nafasi yake, ataje kitu kilichokuwa mbele ya chake. Maana mtu kwenye foleni hutazama mbele, wa nyuma hamjui. Wakaanza kutaja. Mbele yangu kopo la maziwa. Mbele yangu tofali la kuchoma. Mstari ukajaa taratibu mpaka wa kumi na moja. Aliyefuata kusimama alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini, mpole, hana mazoea na mtu. Gae, kama lilikuwepo, lilikuwa mbele yake. Asipolitaja, doti ya mwisho ni yake.

Balozi akamuuliza, "Wewe ndugu, mbele yako?"

Akasema, "Gae la chungu. Mie wa kumi na tatu."

Mwanamke mmoja akasonya, akamwambia mkeo utamvalisha hivyo vinyago vyako. Alimsogezea jirani yangu njia, akaondoka.

Sasa niseme linaloniuma. Sandukuni mwangu kulikuwa na doti mpya, haijakatwa, niliyokuwa naiwekea Idi. Muda wote ule niliijua iko, na nilinyamaza. Kosa langu mie, nguo ninayo mie, na aliyelipa ni mgeni asiyenijua hata kwa salamu.

Mchana niliitoa nikampelekea mkewe. Alikuwa amekaa kizingitini akivipiga msasa vinyago vya mumewe. Nikamweleza kila kitu, na la sanduku nikalisema. Nilitegemea anitukane. Aliikunjua ile doti, akasoma maandishi yake kwa tabu, akakwama, nikammalizia mie.

Jirani yangu alijifungua salama juma lile, mtoto wa kike. Mwalimu alihamishiwa bara, mchonga vinyago amekwisha kufa, na kila Ijumaa nawaombea wote wawili, mmoja kwa kunipa macho ya kusoma na mwingine kwa kuniokoa na aibu ambayo ningeibeba mpaka leo.

Lakini siku ile, pale kizingitini, nilimwambia yule mama aichukue yote, nami niende zangu. Akakataa.

"Tukate, dada. Kimoja chako, kimoja changu."

Akaingia ndani akatoka na mkasi, akaikata katikati bila kupinda. Kisha akatunga uzi, akapinda kwanza ukingo wa kipande changu, pole pole, na mie nikakaa chini kumngoja.