Sanduku la Spana la Mkunga wa Manzese

Saa moja asubuhi, Manzese. Demetria Kornelio, mkunga mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amesimama uani akipiga kiki pikipiki yake ndogo. Inakohoa mara moja, inanyamaza. Anapiga tena, mara ya saba sasa. Kimya.

"Mama Albano, iache ipumzike," anasema mumewe, Leonardi, aliyekaa mlangoni akisugua kinyago cha mpingo.

"Imepumzika tangu Mei, Baba Albano. Ingekuwa mtu, tungeshamzika."

Leonardi anakiinamia kinyago chake.

Pikipiki hiyo Demetria alipewa mwaka 1974 na hospitali ya misheni ya huko kusini alikofanya kazi. Alipewa pamoja na sanduku la bati lenye vifaa vyake: spana, bisibisi, kifaa cha kung'olea magineti, lile gurudumu la sumaku linalofunika platini, na geji ya kupimia mwanya wa platini hizo, yaani vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili injini ipate cheche. Sista mmoja alimfundisha kuitengeneza mwenyewe. Tangu hapo haijawahi kulala gereji.

Geji ndiyo aliyoipenda zaidi: vipande vyembamba vya chuma vilivyobanwa pamoja upande mmoja. Wajawazito wakiingiwa na hofu, aliwategea kitendawili: kitabu changu kina kurasa kumi na tatu, hadithi hata moja hakina.

"Mmoja alijibu chapati!" anasema Demetria. "Nikamwambia, wewe mwanangu njaa tu inakusumbua. Akacheka, uchungu ukapita."

Kwa pikipiki hiyo alifika Ubungo, Kimara, hata Mbezi, akizalisha kina mama mpaka kumi na wanne kwa mwezi. Nao humpa walichonacho: unga, kuku, kipande cha sabuni kikipatikana. Siku hizi anakwenda kwa miguu, na hawazidi watano.

Mambo yaliharibika Aprili mwaka huu wa 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto. Wenye bidhaa zisizo na stakabadhi walizitupa kwa hofu, sabuni mitaroni, mabati vichakani. Siku moja uvumi ukaingia mtaani kwamba wakaguzi wameshafika Tandale. Demetria alikuwa kwa mzazi. Leonardi akalitazama lile sanduku, maandishi ya kigeni ubavuni, vyuma vinavyong'aa ndani. Akalibeba, akalitumbukiza kwenye shimo la choo.

"Nilijiona nimemwokoa mke wangu," anasema. "Wakaguzi wenyewe hawakuja. Mpaka leo."

Barua ya hospitali, inayoeleza kwamba vifaa ni mali ya Demetria, ilikuwa humo humo sandukuni, chini ya spana. Leonardi hajui kusoma.

"Sikumgombeza," anasema Demetria. "Ningemwambia nini? Mtu kakutupia vitu vyako kwa kukupenda."

Wiki tatu baadaye, mchana, akaja mbio kijana kutoka Kimara. Dada yake, Anastasia, ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Pikipiki ikagoma. Demetria akafungua kifuniko, akaona platini zimegusana, haziachani.

"Kazi ya dakika kumi ile," anasema. "Bisibisi na geji, basi."

Akaenda kwa jirani yake Jamali, fundi wa pikipiki.

"Shikamoo, mama. Vifaa? Mie siku hizi nauza mkaa tu."

"Jamali, nina mzazi Kimara."

"Mama, sina hata bisibisi. Usinitafutie balaa."

Jamali anakiri sasa kwamba spana zake alikuwa amezifukia chini ya banda la kuku. Mafundi wengine wawili walijibu kama yeye.

Demetria alijaribu kwa kisu cha jikoni, kichwa cha skrubu kikalika. Mabasi mawili yakapita yamejaa, hayakusimama. Akatembea saa mbili na nusu. Alimkuta Anastasia mzima, na pembeni yake mtoto wa kike aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Mtoto alikuwa ameshakata roho.

"Mikono ya kumfungulia ndiyo hii," anasema Demetria, akiitazama. "Ilikuwa njiani."

Juma lililofuata Jamali alifukua vifaa vyake, akavileta bila kuitwa. Lakini skrubu iliyolika haitoki mpaka magineti ing'olewe, na kifaa chake cha kung'olea hakiingii kwenye pikipiki hii. Madukani hakuna.

Choo wamekifunga tangu Mei ili kikauke, wanajistiri kwa jirani. Leonardi ameweka kinyago chini.

"Kesho najifunga kamba kiunoni, nateremka."

"Huteremki," anajibu Demetria. "Hewa ya mle inaua, na mie nimeshachelewa kwa mmoja. Tungoje Oktoba kikauke, tukifukue kutoka juu."

"Na mpaka hiyo Oktoba?"

Demetria anakunja khanga mbili, anazitia kikapuni pamoja na wembe mpya na uzi. Mbezi kuna mjamzito aliyebakiza wiki mbili. Atakwenda kulala kwake tangu leo.

"Mpaka Oktoba natangulia mie," anasema. "Uchungu utanikuta huko huko."