Usaili wa Bibi

“Unapokuwa peke yako, huwa unafanya nini?”

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia binti wa jirani kujaza maombi ya shule ya nje, nikalikuta swali hilo ukurasa wa tatu. Yeye alijibu papo hapo: anasikiliza muziki. Mimi niliulizwa nikiwa na miaka kumi na minne, nikabaki nimeduwaa.

Nielewe. Nililelewa na bibi pale Maganzo, nyumba ya vyumba viwili. Nililala ubavuni mwake, na upande wangu wa pili walibanana binamu wawili. Maji tulichota kwa pamoja. Viazi vya michembe tulikata kwa pamoja, tukavianika juani hadi harufu yake tamu ikajaa uani, huku kwa mbali wachimbaji wa almasi wakitikisa chekeche zao kutwa nzima. Hata chooni, kulikuwa na mtu nje anauliza, “Bado tu?”

Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyegundua ile nafasi ya ufadhili: shule ya kimataifa, bweni, kusini kabisa, nchi ambayo Julai watu hupumua moshi kwa baridi. Tukaomba, nikaitwa kwenye usaili wa video. Bila sahihi ya bibi, mlezi wangu, nisingeenda popote, naye hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, “Nitakwenda niwaone wenyewe kwanza.”

Tukaenda na mwalimu mjini Shinyanga, kwenye steshenari moja ya mtaa wa Kambarage iliyokuwa na intaneti nzuri. Kwenye kompyuta akatokea mama mmoja mwenye miwani, na dirishani nyuma yake mvua ilikuwa inanyesha. Kwetu jua lilikuwa linaunguza mabati. Nilisahau kilichonileta. Dakika ile ile, kwake mvua, kwetu jua! Nilikuwa nimefundishwa hilo darasani, lakini mimi ni mtu wa kuamini nilichokiona, na siku ile ndipo nilipoliona.

Mwalimu akanigusa bega nisalimie. Nikafanya kama binti yeyote wa Kisukuma aliyelelewa vizuri: nikateremka kitini, nikapiga magoti. Mbele ya kamera kikabaki kiti kitupu. Yule mama akaanza kuniita kwa Kiingereza, akidhani mtandao umekatika.

“Inuka wewe, hakuoni!” mwalimu akanong’ona.

“Mwache asalimie,” bibi akasema. “Au huko hawasalimiwi?”

Mwenye duka alicheka hadi akaegemea mashine ya fotokopi.

Maswali ya hesabu na ya vitabu niliyajibu. Likaja lile la kuwa peke yako. Nikamgeukia bibi, naye akauliza nimeulizwa nini. Mwalimu akamweleza. Bibi akanisukuma kwa nyonga, akaingia kwenye picha.

“Mwulize, huko mtoto atalala na nani?”

“Bibi, hapa wao ndio wanaouliza,” mwalimu akasema.

“Na mimi nauliza.”

Jibu likarudi, kwa fahari kabisa: kila mwanafunzi ana chumba chake.

“Peke yake?” Bibi aliushika mkono wangu. “Kwani amekosa nini?”

Mwalimu akatafsiri neno kwa neno. Yule mama hakucheka. Aliinama, akaandika kitu.

Njia nzima ya kurudi niliamini bibi ameniharibia maisha. Wiki kadhaa baadaye barua ikaja: nimepokelewa, na nitakaa chumba kimoja na wasichana wengine wawili. Bibi alitaka isomwe mara mbili. Kisha akaomba kalamu. “Haya. Nenda.”

Kwa kuwa huwa siamini wema wa ofisi, nilijiambia vyumba vilikuwa vimejaa mwaka ule. Bibi alifariki nikiwa chuo kikuu. Ua wetu umejengwa fremu za maduka, binamu wametawanyika Geita na Kahama, na sijaona michembe ikianikwa siku nyingi. Nimepanga chumba changu mwenyewe, chenye choo cha ndani ambacho hakuna anayebisha hodi mlangoni pake.

Mwaka jana tu, tukiongea kwa simu, mmoja wa wale wasichana wawili ndiye aliyeniambia: walikuwa na chumba kila mmoja. Waliitwa ofisini, wakasomewa maneno ya bibi, wakaviacha vyumba vyao siku hiyo hiyo, kabla hata hawajaambiwa jina langu.