Mama Ni Mwanangu

Nilizaliwa Kisii, na kwetu mama mzazi tunamwita baba. Kiswahili kikanifundisha kumwita mama. Halafu nikaolewa kwa Wakipsigis, huku kwenye majani chai, nikakuta kwao mama ni mjomba, kaka ya mama mzazi. Sikubishana nao.

Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa anaolewa. Wazee wakauliza, “Mama yuko wapi? Bila baraka yake hatuendelei.” Mama huyo ni mwanangu, na hajasalimiana na dada yake tangu wagombanie shamba la chai.

Nikamfuata kwake Mulot.

“Rudi nyumbani, mama,” akaniambia. “Huyo sitaki kumwona.”

“Mimi ni mama wa Kiswahili tu,” nikamjibu. “Huko wanakutaka wewe.”

Akacheka kidogo. “Basi nitakuja. Lakini wewe ukae katikati yetu, na usiinuke.”

Alimbariki mtoto vizuri. Mimi nilikaa pale tangu asubuhi, mmoja kulia, mwingine kushoto, miguu imekufa ganzi. Nikiinama kuchukua kikombe, wote wawili wanageuza uso. Hata chooni sikwenda.