Wengu la Kidume cha Mbekenyera

Siku yangu ya kwanza kazini Nachingwea, katikati ya miaka ya tisini, Daktari wa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kisu, glavu na dumu la formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mzoga visioze. "Mnyama akifa, kata kipande, tumbukiza humu. Mengine utajifunza," alisema. Hilo nililijifunza vizuri mno. Mkono ulikuwa unafungua chupa kabla akili haijafika.

Miaka ya elfu mbili nikahamishiwa Ruangwa, akaletwa kwangu mtafiti, mama mmoja mpole wa chuo kikuu. Alinieleza kwamba juu ya chembe za mwili kuna vipokezi, vinavyotambua vimelea vya ugonjwa kama mlinzi anavyomtambua mgeni. Maelekezo ya kuvitengeneza yamo kwenye jeni, ila jeni haifanyi kazi wakati wote. Ikianza, hutoa ujumbe, na ujumbe huo ndio aliotaka kuupima kwenye wengu na utumbo wa wanyama wachanga. Unaharibika upesi, kwa hiyo kipande kilitakiwa kuwekwa kwenye dawa yake maalumu, ndani ya barafu.

Katika kijiji cha Mbekenyera alikuwepo mjane, Bibi Somoe. Kila masika vitoto vya mbuzi wake vilikufa kwa kuhara, isipokuwa vya jike mmoja mweusi. Alikubali kutoa kidume kimoja cha jike huyo, tupime kwa nini vyake havifi. Shemeji yake akakichinja kwa bismillahi, nyama ikaenda jikoni. Mimi nikakata wengu na utumbo, na kwa mazoea nikatumbukiza kwenye formalini.

Mtafiti alipofungua boksi la vipande hakunifokea. "Kipande umekihifadhi. Ujumbe umeharibika," alisema. Niliona aibu hadi nikatamani kuacha kazi.

Nikapanda pikipiki, nikarudi kwa Bibi Somoe kumweleza kosa langu.

"Nyama tulikula, haikupotea," alisema. "Ila mimi nilikitoa nipate jibu. Liko wapi?"

"Sina, bibi. Nimeliharibu mwenyewe."

"Kimebaki kidume kimoja cha yule mweusi. Kichukue. Na hiyo chupa yako iache huko huko ofisini."

Niliiacha. Tulichukua pia kitoto cha jike mwingine ili kulinganisha, na safari hii ujumbe ulisomeka. Kwenye utumbo wa kile cha jike mweusi, jeni za vipokezi zilikuwa zinafanya kazi zaidi. Mtafiti akatuonya kwamba wanyama wawili hawathibitishi jambo, lakini akamshauri bibi kwamba jike mweusi akizaa tena dume, asimuuze, amwache awapande majike wengine.

Vijana wa siku hizi wana mashine ambazo sisi hatukuziota, na ninawafurahia. Kuteleza si kuanguka, nawaambia, mradi mwenye mbuzi asikie kosa lako kutoka kinywani mwako.

Mwaka niliostaafu nilikwenda kumuaga Bibi Somoe. Hata kiti hakunipa.

"Bwana mifugo, mbuzi wako hawa, wa dume la yule mweusi, hawafi. Zizi limejaa, na wiki hii wamekula ufuta wa jirani mara mbili. Nenda wewe ukaseme naye."

Nikaenda kuomba radhi, huku nacheka njia nzima.