Maji ya Kupika Mbuzi ya Chef

Mimi naitwa Marie-Jeanne, nauzishaka makala ya kuwasha moto hapa Vulamba, mu Butembo, pembeni ya malewa ya Kavuo, kibanda yake ya chakula. Musiniulize eti nani aliniambia haya mambo. Hakuna mutu aliniambia. Nilikuwa pale, na bidon yangu ya maji ilikuwa mu mulongo.

Kavuo ni mutu gani? Ni mwanamuke wa Kalunguta, aliolewa hapa Butembo, bwana yake akakufa, akamuachia batoto na kelele ya bashemeki. Bashemeki balikuja kutaka nyumba. Kavuo akabafungulia mulango, akabapa viti, akabapa chai, kisha akabaambia: "Mukimaliza chai, barabara iko pale." Hapo ndiyo nilianza kumupenda. Tangu ile wakati anapikaka malewa: bugali ya muhogo, maharagi, sombe, na siku ya soko nyama. Batu ya bureau ya serikali banakuja kula kwake. Anabapikia muzuri, anabatukana muzuri, na kesho yake banarudi.

Sasa, kuko service moja ya serikali hapa kwetu, jina naiacha, mwenye kujua anajua. Ni bo banashugulika na maji na barabara. Siku moja amri ikatoka huko juu: kila service iwe na komite ya audit. Audit ni nini? Hata mimi niliuliza. Kavuo akanielezea akisonga bugali: "Marie-Jeanne, chef, mukubwa wa kazi, anasema nimejenga, nimetengeneza, nimemaliza. Komite inaenda kuangalia kama ni kweli. Kama hapana kweli, inasema hapana kweli, mbele yake, na inaandika. Basi." Nikamuambia ile kazi itakuletea matata. Akajibu kama matata anayo tayari, hata ingine moja haitamushinda.

Komite ilitakiwa kuwa na mutu wa service, mutu wa shule, na mutu wa raia. Wa service ni Solange, sekretere, binti wa Oicha. Mu nyumba yake ndogo analaza bazazi na badada bake bote bale balikimbia vita, na bote banakula ku ile kazi yake moja. Wa shule ni Mwalimu Zorobabel, muzee wa pensheni, ndiye prezida. Na wa raia? Chef Gracien, mukubwa wa service, yeye mwenyewe ndiye alichagua Kavuo. Juu ya nini? Juu alikuwa anakula kwake kila midi, saa sita ya mchana. Alifikiri mwanamuke mwenye anaishi juu ya sahani zao hatafungua kinywa. Inaonekana siku zote alikula bila kusikiliza!

Mikutano ya hizi komite inafanywaka mulango wazi, na iko na desturi yake. Munaingia, munaomba Mungu, chef anasoma, mwalimu anasema "tumesikia vizuri", munaweka signature, soda inaletwa. Kavuo akaingia na swali. "Hii barabara munasema imetengenezwa, nani kati yetu aliipitia?" Mwalimu akakohoa. Solange akaangalia meza. Chef akacheka, akasema Mama Kavuo eko na hasira ya njaa, muletee soda. Kavuo akakunywa soda, akauliza tena.

Bon, tufike ku robinet, ile ya kufungua maji itoke. Hapa Vulamba maji tunatekaka ku ravin, mu bonde, chini kule. Njia ni ya udongo, na mvua ikinyesha ni sabuni tupu. Unapanda na bidon mugongoni, kamba mu paji la uso, unaangalia miguu yako tu. Débora, binti ya Kavuo, aliteleza pale na bidon yake. Mukono ukavunjika, bakaufunga, ukapona vibaya. Mpaka leo hawezi kusuka nywele yake mwenyewe. Kavuo anamusuka kila dimanche mbele ya misa, na ile siku mutu asimusemeshe Kavuo.

Service ikajenga robinet karibu na makala yangu. Cuve, tangi ya simenti, rangi ya bleu, muzuri kweli. Mais tuyau, bomba ya kuleta maji kutoka ku source, kule ku chemchemi ya mulima, iko wapi? Batu ya entreprise, bale balipewa kazi ya kujenga, balichimba kidogo, bakafunika, bakaenda. Hakuna mutu Vulamba hakuona. Mwalimu aliona, Solange aliona, hata mbuzi baliona. Na bado karatasi ikaandikwa, PV, ikisema: robinet ya Vulamba inatoa maji. Ilibaki komite iweke signature tu.

Na ile signature, musiione ndogo. Komite ikisha kuweka, kazi inaitwa imekwisha. Entreprise inafunga bintu yake na kuenda. Kesho ukienda kulalamika, batakuambia: maji munayo, mama, komite yenu ilisema. Nani atakuja tena kuchimba? Hakuna. Batoto yetu bataendelea ku ravin mpaka bazeeke.

Chef akakuja kula. Akapanguza kinywa, akasema: "Mama Kavuo, vendredi, Ijumaa hii, bakubwa banatoka Beni kuzindua robinet. Mbuzi natoa mimi. Kupika ni weye. Na kuanzia sasa, fête zote, karamu zote za service, ni weye utapika."

Nilisikia nyuma ya mifuko yangu. Fête zote! Nikajua bamemushika.

"Wasingya, Chef," Kavuo akamushukuru. "Nitapika."

Roho yangu ikawaka. Nilisema ndani yangu: hata weye, Kavuo? Juu ya mbuzi? Kidogo nimutupie kipande ya makala ku kichwa. Kumbe hakumaliza.

"Mais nitapika na maji ya ile robinet. Si inatoa maji?"

Malewa ilikuwa imejaa. Kila mutu akaacha kutafuna. Chef angesema nini? Akacheka ile kicheko ya meno ya mbele tu. "Bien sûr inatoa!"

Jeudi, siku moja mbele ya fête, batu na vélo zao, baisikeli, balishinda banapandisha maji kutoka ravin, banaimwanga mu cuve. Mchana, mbele ya macho yetu, bila haya! Nikaenda kumuita Kavuo aone. Akaona. Nilingoja atukane, hakutukana. Akasema: "Pitisha habari kwa banamuke. Kesho robinet inafunguliwa. Kila mutu aweke bidon mu mulongo."

Hapo ndiyo nilianza kucheka, na mwenye hatoki hapa hawezi kujua juu ya nini. Kwetu, bidon ikikuwa mu mulongo, ni mutu. Unaweza kuiacha pale uende kuuzisha, uende kunyonyesha, ukirudi nafasi yako iko. Hakuna mwenye anairuka, na hakuna mwenye anafunga maji mbele ya bidon ya mwenzake. Mwaka moja soda, ni kusema askari, alikuja ku source na bunduki, akasema "Longwa!", tokeni hapa, akaweka bidon yake mbele. Banamuke bakakaa juu ya bidon zao, bakamuangalia. Bakamuangalia tu. Yeye mwenyewe akachukua bidon yake, akaenda nyuma.

Vendredi ikafika. Bakubwa ya Beni bakashuka mu jeep, na kravati na lunettes ku macho. Maombi, maneno, maneno tena. Chef Gracien akafungua robinet, maji ikatoka nguvu! Akajaza glasi, akakunywa, mikono ikapigwa. Akarudisha mukono afunge.

"Chef, na bidon yangu?" mama wa kwanza akauliza.

Chef akageuka. Mulongo ilianza ku miguu yake, ikapita makala yangu, ikakata kona, ikateremuka mpaka ku kanisa. Na nyuma kabisa, Kavuo na sufuria yake kubwa. Mbuzi ilikuwa imekatwa, imetiwa chumvi, inangoja mu basani. Moto nilikuwa nimewasha mimi.

Chef angefunga. Mais yeye ni mutoto wa hapa, mama yake alimutumaka maji kama siye bote. Niliona ile mukono ikisimama hewani. Akaishusha.

Bidon ikajaa, ingine ikaingia. Bakubwa mwanzoni balikuwa banafurahi, banapiga picha. Kisha jua ikapanda. Kisha maji ikapungua, ikawa nyembamba, ikapiga chafya, ikakauka. Ilikauka mu bidon ya mama moja na mutoto mugongoni, hata nusu haikufika. Na nyuma yake mulongo ilikuwa bado murefu.

"Ni pression, nguvu ya maji," Chef akasema. "Itarudi."

Tukangoja pression. Mukubwa moja ya Beni, mwenye tumbo, akaangalia saa. "Na chakula iko wapi?"

"Chakula inangoja maji, mukubwa!" Kavuo akaitika kule nyuma. "Mimi niko ku mwisho wa mulongo!"

Kicheko ikapasuka Vulamba yote. Chef akateremuka mbio mpaka kwake, uso imevimba. Akasema pole pole, mais mimi nilikuwa karibu: "Kavuo, unanitia haya mbele ya bageni. Tuma mutoto ku ravin alete maji."

Eh Nyamuhanga, Mungu wangu! Ile neno angeiacha.

Kavuo akasimama. Hapana pole pole, yeye. Alisema ili hata ku kanisa basikie. "Mutoto? Wangu nilimutuma ku ravin, akarudi na mukono umevunjika. Sitatuma tena mutoto. Ravin iko pale, Chef, unaijua. Bidon ndiyo hii. Teremuka weye!" Na akamusukumia bidon ku kifua, juu ya veste yake, koti nyeupe ya fête.

"Unajiona nani?"

"Mimi ni komite ya audit. Weye mwenyewe uliniweka."

Chef akaacha bidon ianguke. Akarudi ku meza, akachukua karatasi, akamupa Mwalimu Zorobabel na kalamu. "Mwalimu, tumalize, bageni beko na safari."

Mwalimu, namuheshimu, alifundisha batoto yangu. Mais ile siku alinikasirisha. Akaanza kusema tuwe na hekima, tuweke signature kwanza, tuandike chini kama pression ni kidogo, maji itakuja na wakati. Kavuo akapanda, sufuria mu mukono, ikikuwa kavu, akasimama mbele yake.

"Mwalimu, fungua robinet. Ikitoa hata ya kunawa mikono yako tu, naweka signature sasa hivi, mimi wa kwanza."

Mwalimu akaangalia Chef. Akaangalia siye. Akafungua. Ilisema fyuu, basi. Muzee akabaki pale, mukono juu ya robinet, haya imemujaa uso muzima.

Sasa musikilize. Mwenye alisimama hakuwa Mwalimu. Alikuwa Solange. Sekretere, mutu wa service yenyewe, mwenye nyumba yake inakula ku ile kazi. Akachukua karatasi mu mikono ya muzee, akavuta mustari juu ya yale maneno, akaandika akisema kwa sauti: "Tulifika. Tuyau ya kutoka ku source haiko. Robinet ya Vulamba haina maji." Akaweka signature.

"Solange," Chef akasema, "lundi, ku bureau, tutaonana."

"Tutaonana, Chef."

Akapeleka kalamu kwa Kavuo. Kavuo akaweka yake. Mwalimu akapanguza lunettes, akaweka yake pia, bila kuinua kichwa. Bakubwa bakapanda mu jeep na njaa yao. Kavuo akachukua basani ya mbuzi, mbichi, na chumvi yake yote, akaipakia nyuma ya gari ya Chef. Akasema yeye hatakula kitu ya mutu mwingine.

Mutaniuliza: kisha? Kisha Chef alikuwa na nguvu yake, akaitumia. Service yote ilikatazwa kula kwa Kavuo. Midi banapita mbele yetu banaangalia ngambo, banaenda kula malewa ingine, ya chumvi mingi, na ibachome tumbo! Solange balimuhamisha ku bureau ya mbali, anaondoka nyumbani giza na anarudi giza. Nalia juu yake, sifichi. Mais entreprise haikuweza kuondoka, juu kazi yake haijapokelewa. Juzi niliona batu mbili na mapiko kule ku mulima, banachimba. Nitaamini siku nitalowa.

Ile jioni ya vendredi, maji ilibidi itafutwe, fête ao hapana fête. Tukateremuka ku ravin, mimi na Kavuo na bengine. Kule chini kulikuwa mwanamuke moja, ulimi yake inajulikana, akaanza kumucheka: "Ayi, komite! Umefukuza bakubwa, umepoteza batu ya kula kwako, na bado unabeba bidon kama siye. Ulipata nini?"

Nilitaka kumujibu mimi. Kavuo akaninyamazisha na mukono. Akainama, akaweka kamba mu paji la uso, akanyanyuka na ile uzito yote.

"Maji sina, ni kweli," akasema. "Mais toka Butembo mpaka Beni, hakuna karatasi hata moja inasema eti niko nayo."

Akatangulia kupanda.