Mgeni Aliyeangukia Ghala la Mtama

Juzi nilikuwa harusini Mamboleo, nimeshika sahani ya pilau, kile kidude cha kupiga picha kutoka hewani kikivuma juu ya hema. Mara mlio ukabadilika, kikakohoa, kikaangukia meza ya keki. Watu walipiga mayowe, bwana harusi akajificha nyuma ya mama yake. Mimi neno la kwanza lililonitoka ni, "Ameumia?" Wenzangu walinicheka mpaka machozi. Lakini ninyi nitawaambia, kwa sababu kwetu Asembo Bay swali hilo si la kichaa.

Kwetu husimuliwa kwamba zamani za babu yake babu yangu, kabla reli haijafika ziwani, chombo kilitokea upande wa maji asubuhi, kikija polepole angani kama mitumbwi miwili iliyofunikana. Hakikuwa na mabawa wala moshi. Kiligonga ghala la mtama la mzee huyo, kikawaka, na ndani yake akatolewa mtu mdogo aliyekuwa amekwisha kufa. Wengine wangeuliza ametoka nyota gani. Wazee wetu hawakuwa na muda wa hayo. Waligombana kutwa nzima azikwe wapi. Hana boma, hana mke, ukoo wake haujulikani, na maiti ya mgeni haiingizwi bomani hivi hivi. Mwishowe wakamzika nje ya ua. Wanawake walipokuja kuomboleza wakakwama, maana kwetu marehemu huliliwa kwa kutajwa baba yake na sifa zake, na huyu hakuna aliyemjua. Wakaona wasiaibike, wakalilia mtama.

Basi wakamwita Wendo, yaani mgeni. Na jina hilo ndilo langu.

Nilipozaliwa nililia bila kunyamaza. Mtoto wa namna hiyo kwetu hutafutiwa jina: watu wazima wanataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na akitajwa yule anayemtaka mtoto, analia mara ya mwisho na kutulia. Dani, ndivyo tunavyomwita bibi, alitaja akina babu, akina shangazi, hata mjomba mmoja mlevi ambaye hakuna aliyetaka arudi. Nikazidi kupaza sauti. Ukoo ukaisha. Dani akageuka, akatazama kile kilima kidogo nje ya ua, akasema, "Ama ni wewe, Wendo?" Nikanyamaza.

Shuleni nilikoma. Wenzangu waliniuliza kama nyumbani tunakula betri. Mwalimu wa hesabu, nikikosea, alisema labda huko kwetu juu ndivyo wanavyojumlisha. Nilicheka nao, lakini moyoni nililipenda jina lile mno. Akina Achieng walijaa darasani. Wendo nilikuwa peke yangu. Jumamosi nilipalilia kaburi lile na kumsimulia mwenyewe habari za shule, kwani niliona ana haki ya kujua jina lake linatumikaje.

Nikiwa darasa la nne akaja daktari wa mambo ya kale kutoka Nairobi, kijana mwenye kofia pana na kifaa chenye mpini mrefu kinacholia kikinusa chuma. Kijiji kizima kilimfuata nyuma. Kifaa kililia kwenye sufuria, kikalia kwenye mshipi wa naibu wa chifu, kikalia kiunoni kwa Dani, naye akachomoa pini na kumwonyesha. "Hii ni ya petikoti, daktari. Haikuanguka kutoka juu."

Kilipopitishwa juu ya kaburi, kikanyamaza. Daktari akakipitisha tena. Kimya. Nilimwona Dani akikitazama kile kifaa, kisha akinitazama mimi.

"Mama," daktari akasema kwa adabu, "tuchimbe kidogo tu, tuwe na uhakika."

Kama mle hamna mtu, basi mimi ni nani?

Wazee wengi walitaka pachimbwe. Mmoja alishaanza kuonyesha kwa fimbo mahali hoteli ya watalii itakaposimama. Dani akapiga makofi kuwanyamazisha.

"Kaburi iko na mwenyewe," akasema. "Desturi inasema mtu mwenye amebeba jina ndio anatoa ruhusa. Si ni hivyo, wazee?"

Desturi hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, wala mimi sijaisikia tena mpaka leo. Lakini mzee gani angekiri mbele ya mtu wa Nairobi kwamba kuna desturi asiyoijua? "Ni hivyo kabisa," akasema yule wa hoteli kwa huzuni. "Hata babangu alikuwa anasema."

Hivyo daktari akachuchumaa mbele ya mtoto mwenye kamasi na kuomba ruhusa. Nami nilitamani kujua, tena sana.

"Mkimtoa mtampeleka wapi?" nikauliza.

"Nairobi, tumpime."

"Na nani atamrudisha?"

Akajikuna chini ya kofia. "Hiyo tutaangalia baadaye."

"Hataki," nikasema.

"Umesikia, daktari," Dani akadakia kabla hajafungua mdomo. "Amekataa. Sasa kuja ukule samaki." Akala vizuri, akaondoka na vifaa vyake. Kuanzia Jumatatu hakuna aliyeniuliza tena habari za betri, maana nilikuwa nimemkatalia daktari mbele ya naibu wa chifu.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nilimwokoa mgeni wetu. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza Dani kama aliamini kweli yumo mle ndani. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mimi sijui, nyakwara," akaniambia, yaani mjukuu wangu. "Ile siku sikuwa nawaza yeye. Yeye alishakufa, mtu angemfanya nini? Wangechimba wapate mchanga tu, ni wewe ungebaki bila jina."

Ndipo nikaelewa ni nani aliyelindwa pale, huku nimesimama kifua mbele nikijiona mlinzi.